Diski ya Pili ya Majidi

Majidi alikuwa mpiga video za harusi pale Mtendeni. Alipofariki, kazi zake za miaka kumi na minane zilibaki ndani ya kisanduku chenye diski mbili, kilichounganishwa na mtandao wa nyumbani. Mkewe, Swaumu, mwalimu wa fizikia, hakukigusa hadi eda ikaisha. Kisha umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, bodi ya kisanduku ikaungua.

Akapata bodi nyingine Igunga, ya toleo tofauti. Linux, mfumo unaokiendesha kisanduku, iliwaka, lakini ikaiona diski moja tu.

“Mwalimu, hiyo ya pili isahau,” fundi aliyemuuzia bodi alimwambia.

Hakuisahau. Alisoma mwenyewe mpaka akaelewa kwamba Linux haibahatishi vifaa. Husoma faili linaloieleza kila kifaa kiko wapi na pini ipi inakiwasha. Faili alilokuwa nalo lilikuwa la bodi iliyoungua. Basi likizo nzima alifuata njia za shaba za bodi mpya kwa multimita, akiandika namba daftarini. Akibadili mstari wa faili, anawasha. Kimya. Anabadili tena. Feni ikazunguka, diski wapi!

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, akaliona kosa. Pini ilikuwa ndiyo yenyewe, ila alikuwa ameieleza kinyume: bodi hii huipa diski umeme volti ya pini inapopanda, si inaposhuka. Akabadili neno moja. Diski ikanguruma.

Swaumu akageuka amwambie mtu. Sebuleni hapakuwa na mtu.

Akafungua harusi moja ya Kaliua. Watu wote walikuwamo isipokuwa Majidi, maana yeye alikuwa nyuma ya kamera. Halafu akamsikia: “Bi harusi, sogea kwenye mwanga. Hapo hapo. Mashallah.” Akairudisha mara nne, machozi yanamtoka.

Jioni akampigia bibi harusi yule, Tatu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Video yenu ipo.”

“Marehemu mama yangu yumo humo,” Tatu akasema. “Nakuja kesho.”

Swaumu akapika pilau. Tatu alifika na basi la asubuhi, akaitazama video akiwa amesimama, akalia, akamkumbatia. Pilau alionja kijiko kimoja. Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Akatoka na flashi yenye nakala ya video mkononi.

Swaumu akafunika sufuria, akarudi mezani, akafungua harusi ya Urambo, akaongeza sauti.