Behewa la Kijani la Hepplestone

Shuka lilipovutwa watu wakapiga makofi, na Leonard Sugden akatamani ardhi ipasuke immeze.

Mbele yao, juu ya kipande cha reli kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, lilisimama behewa la makaa ya mawe. Si la mfano, la kweli, la zamani lililokarabatiwa, mbao saba kwenda juu, magurudumu manne, breki yake ya mkono ubavuni. Lilikuwa limepakwa kijani kizito, rangi ya mchicha uliopikwa, na ubavuni limeandikwa kwa herufi nyeupe zenye kivuli chekundu: HEPPLESTONE NA WANAWE, SCARBECK. Trevor Murgatroyd, mwenyekiti wa chama cha wajenzi wa treni za mfano cha mji huo, alikuwa amevaa tai iliyochorwa injini, naye alikuwa karibu kulia kwa furaha.

"Rangi hii tusingeijua," Trevor akawaambia watu. "Picha zote zilizobaki ni nyeusi na nyeupe. Vitabu vya kampuni vilichomwa. Lakini yuko bwana mmoja miongoni mwetu aliyekwenda kumtafuta mtu aliyeyapaka mabehewa haya kwa mkono wake mwenyewe, akakaa naye, akamsikiliza, wiki chache kabla mzee wa watu hajafariki. Len! Usijifiche huko nyuma, bwana, njoo hapa tukuone!"

Len akaenda. Akapigwa picha, akapigwa mabega, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Maana kukaa na huyo mzee hakukaa, wala kumsikiliza hakumsikiliza. Hata sura yake hakuijua.

Lazima uwajue watu hawa kwanza. Ukiwaona kwa mbali utadhani ni wastaafu wapole wanaochezea vitreni, na sweta zao na biskuti zao. Thubutu! Weka mezani kibehewa kilichopungua boliti moja uone watakavyokuandama. Watakigeuza, watakitia miwani, na swali lao la kwanza ni lilelile siku zote: nani kakwambia? Picha haitoshi, kwa sababu katika picha za zamani nyekundu na nyeusi na kijani zote hutoka kiza kimoja. Wanataka shahidi, mtu aliyeona kwa macho yake.

Miaka kumi na miwili nyuma, Leonard alikuwa karani wa posta mwenye miaka hamsini, na alikuwa amejifungia katika chumba cha juu akijenga mabehewa sita ya Hepplestone, kila moja la kukaa kiganjani. Alichora mishipa ya mbao kwa sindano. Aliandika zile herufi kwa brashi yenye nywele tano sita, amebana pumzi, na mkono ukitetemeka alifuta akaanza upya. Alisaga makaa ya kweli kwa nyundo ili mzigo uwe mzigo. Wiki kumi na moja! Na rangi akachagua kijani, kwa sababu marehemu baba yake aliwahi kusema anakumbuka mikokoteni ya Hepplestone ilikuwa kijani. Alisema mikokoteni, si mabehewa, na hata hiyo hakuwa na hakika nayo.

Behewa la nne lilikuwa linakauka pale alipoletewa habari na mama mmoja wa maktaba. Yuko mzee, Wilf Thackray, alikuwa mpaka rangi katika yadi ya Hepplestone kabla ya vita na baada ya vita. Yu hai, anakaa Mill Lane, maili nne tu kutoka hapa. Leonard akamwandikia. Jibu likaja baada ya siku mbili, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyeishi kwa kuandika herufi: Njoo Alhamisi yoyote baada ya chakula cha mchana, nipo tu. Nina mengi ya kukwambia.

Ungedhani angeruka kwa furaha, sivyo? Alikaa akayatazama yale mabehewa yake manne. Je, mzee akisema yalikuwa mekundu? Mabehewa mengi ya makaa zama zile yalikuwa mekundu. Kazi yote hiyo ingekwenda na maji, na maonyesho yalikuwa mwezi ujao.

Alhamisi ya kwanza akasema mvua inanyesha. Kana kwamba huku Yorkshire kuna siku hainyeshi! Ya pili akasema gundi haijashika. Ya tatu hakusema kitu. Ya nne alitoka na gari, akafika mpaka kona ya Mill Lane, akauona mlango wa mzee, akakaa na injini inanguruma kama dakika tano, kisha akageuza. Nitakuja maonyesho yakiisha, akajiambia, nitamletea na picha ya kikombe cha ushindi.

Ijumaa kabla ya maonyesho gazeti la mji likatoa tangazo la kifo: Wilfred Thackray, miaka sabini na sita. Na Leonard, aibu hii hajapata kumwambia mtu, alishusha pumzi. Mtu amekufa, naye akaona nafuu.

Siku ya maonyesho, mwamuzi alipoinua kile kibehewa na kuuliza nani kakwambia, jina lilimtoka lenyewe: "Wilf Thackray." Ukumbi mzima wa kanisa ukasema aah. Kikombe akapata. Kisha jarida la chama likamwomba makala, akaandika, na chini ya ukurasa akaweka tanbihi kwamba rangi imethibitishwa na marehemu W. Thackray katika mazungumzo ya alasiri mbili. Alasiri mbili! Ingetosha kusema mazungumzo, lakini uongo ukishanyooka ulimi hukosa adabu. Tangu hapo kila aliyejenga behewa la Hepplestone alilipaka kijani cha Leonard, na sasa hili hapa, la tani kumi, limesimama juani.

"Len," Trevor akamvuta mkono, "kuna mtu kaja kutoka Plymouth kwa ajili yako. Huyu ni Maureen, binti wa Wilf. Nitawaacha mzungumze, mna mengi."

Mama huyo alikuwa na miaka sitini hivi, koti la buluu, mkoba mkubwa kaukumbatia kwa mikono miwili. Leonard alisikia masikio yanawaka. Wakaingia chumba cha chai cha stesheni, wakakaa pembeni, mhudumu akawawekea buli na vikombe viwili.

"Nimekutafuta siku nyingi, Bwana Sugden," Maureen akasema. "Sikuwa na ujasiri. Makala yako ninayo, unaona?" Akatoa kwenye mkoba kurasa zilizokunjwa mpaka zimechoka. "Mwaka ule mimi na baba tulikuwa hatusemezani. Tuligombana kwenye mazishi ya mama, maneno ya kipumbavu tu. Akaniandikia niende Pasaka. Nikamjibu nitaona. Sikwenda."

"Pole sana," Leonard akasema.

"Jirani yake ndiye aliyenieleza baadaye. Kasema baba alikwenda kunyoa nywele, akamwambia kinyozi kuna bwana anakuja kunihoji habari za mabehewa. Kila Alhamisi ananunua keki. Mlikula?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesema. Leonard akasema, "Tulikula."

"Ya limau?"

"Ya limau."

Maureen akacheka, macho yanameta. "Alikuwa mlafi wa keki ya limau, yule! Haya niambie, alikuwaje? Alikuwa mgonjwa? Alikuwa na uchungu?"

"Alikuwa mchangamfu. Aliongea sana."

"Ndiye huyo! Ukimwanzisha hanyamazi." Akajifuta kwa leso. Kisha sauti yake ikashuka. "Bwana Sugden, alinitaja?"

Leonard alitazama nje dirishani, watu wanajipanga kupiga picha na behewa, wengine wanalibusu. Akanywa chai ikamchoma ulimi.

"Alikutaja," akasema.

"Alisemaje?"

Akafungua mdomo atoe uongo mwingine, na uongo ukagoma. Alimtazama yule mama, kainama mezani, shingo kainyoosha, anangoja neno la baba yake kama mtu mwenye kiu, na akajiona alivyo, mwizi anayetaka kumpa mwenye mali kitu alichomwibia.

"Mama, nikwambie kitu," akasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Ile rangi. Ile rangi si kweli. Niliibuni. Hakuna aliyeniambia kijani. Behewa lile lote ni uongo wangu, na nitakwenda kuwaambia sasa hivi, nitarudisha kikombe, nitaandika kwenye jarida..."

"Rangi?" Maureen akakunja uso. "Rangi gani tena? Mimi hata wangelipaka pinki ni sawa. Nakuuliza baba alisemaje."

"Sijui."

"Hujui vipi? Umesahau?"

"Sikufika," Leonard akasema. "Sikwenda hata siku moja. Niliogopa asije akaniambia nimekosea rangi."

Maureen alichezesha midomo, kama anayehesabu Alhamisi moja moja.

"Kwa hiyo hakuja mtu," Maureen akasema.

"Hakuja."

"Miaka kumi na miwili." Alizikunja zile kurasa, akazikunja tena. "Kila nikikumbuka nilivyomfanyia, najiambia, sawa, Maureen, wewe hukwenda, lakini yule bwana wa mabehewa alikwenda. Alikuwa na mtu wa kumsikiliza. Hilo ndilo limenifanya nilale usingizi. Walimkuta kitini siku ya tatu, unajua? Siku ya tatu!"

Leonard hakujua.

"Kawaambie," Maureen akasema, akasimama. "Ulisema utakwenda kuwaambia. Nenda."

Akaenda. Alisimama kando ya behewa, akamwomba Trevor anyamazishe watu, akasema yote kwa mkupuo: hakukutana na Wilf Thackray, mzee alimwita naye hakwenda, mzee alimngoja mpaka akafa, na ile tanbihi ni uongo mtupu. Alipomaliza akainamisha kichwa angoje matusi. Aliyataka. Angeyapokea kama dawa.

Kisha bwana mmoja mwenye ndevu akakohoa.

"Kwa hiyo lilikuwa jekundu?"

"Mimi siku zote nilisema jekundu!" mwingine akadakia. "Sikusema? Sikumwambia mke wangu?"

"Jekundu wapi! Jekundu la Hepplestone ni la baada ya vita. Kabla ya vita kijivu."

"Kijivu! Umelitoa wapi, bwana, nani kakwambia?"

Trevor alikuwa amebadilika rangi mwenyewe, lakini akamshika Leonard bega, mtu mwema yule, akasema, "Usijali, Len. Umefanya uungwana kusema. Rangi inakwanguliwa, tutakwangua. Huenda chini ya tabaka za zamani tukakuta kitu." Na wote wakaliinamia behewa, mmoja keshatoa kisu cha mfukoni, wakaanza kubishana kuhusu ubao gani utakwanguliwa kwanza. Hata mmoja hakumuuliza habari za mzee.

Leonard akatazama huku na huku, akaona koti la buluu linavuka uwanja wa magari. Akakimbia, na mbio zenyewe za mtu wa miaka sitini na miwili. Alimkuta Maureen keshaingia garini, mikono yote miwili juu ya usukani, hajawasha. Kioo kikashuka.

"Nimewaambia," Leonard akasema, anahema. "Mama, naomba unisamehe. Sina hata neno. Naomba unisamehe."

Maureen hakumtazama.

"Usiniombe mimi, bwana," akasema. "Mimi siye niliyenyoa nywele nikakaa nikikungoja." Akawasha gari, na akaendelea kukaa, injini inanguruma. "Na mimi aliningoja vilevile," akasema, akapandisha kioo.

Gari likatoka polepole, likasimama langoni kupisha basi, likashika barabara. Nyuma Trevor alikuwa anaita, Len, njoo uone, tumepata nyekundu.