Hata Mmoja Akikataa

Shamba la Hezroni lilikuwa linazama, na hakukuwa na mtu wa kumruhusu kutoboa tuta wala mtu wa kumkataza.

Mvua ilinyesha siku tano bila kupumzika. Mto Lufilyo ulijaa, lakini tuta liliuzuia. Maji yaliyomponza Hezroni yalikuwa ya mbinguni. Tuta lilizunguka mashamba saba ya mpunga kama ukingo wa sinia, na lake ndilo lililokuwa chini kuliko yote, hivyo kila tone lililoanguka kwa jirani liliishia kwake. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua. Sasa zilionekana ncha tu.

Tuta hilo walilijenga wenyewe, kaya saba, kwa majembe na mabeseni, miaka tisa iliyopita. Kabla ya hapo walikuwa na kikundi chenye mwenyekiti, katibu na mhuri. Mwenyekiti aliuza pampu ya kikundi akahamia Tunduma. Wakaapa: mwenyekiti hatakuwepo tena. Mtu asimtawale mtu.

Hapo walikubaliana wote. Lililofuata ndilo lililowagawa. Ezra, jirani wa Hezroni na rika lake tangu walipokuwa wakichunga ng'ombe, alitaka mashamba yawe moja. Walime pamoja, wavune pamoja, wagawane kwa kuhesabu vinywa. Alisema wazee waliishi hivyo, marika wakijenga pamoja na kula pamoja. Maisha hayo waliyaita ukwangala, na hakuna aliyelala njaa peke yake.

Hezroni alisimama. "Mimi sikumkimbia mwenyekiti mmoja ili nipate wenyeviti saba. Kila mtu na shamba lake, kila mtu na mavuno yake. Tuta tu ndilo letu sote. Na mambo yetu sote, hata mmoja akikataa, tumekataa."

Walimpigia makofi. Ikawa ndiyo sheria pekee waliyokuwa nayo.

Siku ya sita ya mvua waliitana juu ya tuta, wamejifunika majani ya migomba na mifuko ya mbolea.

"Naomba nitoboe hapa kwangu," Hezroni alisema. "Hatua mbili tu. Maji yatashuka mpaka kwenye kijito cha bondeni."

Mmoja mmoja walisema sawa. Ikafika zamu ya Janeth. Janeth alikuwa mjane. Shamba lake lilikuwa ndani ya tuta, nyumba yake nje, bondeni, chini kabisa ya pale Hezroni alipoonyesha kwa jembe.

"Mimi nakataa, kaka," alisema.

"Tutakuhamishia vyombo vyote, mama. Hata kuku."

"Na kuta mtazihamisha? Nyumba ni ya tofali mbichi. Yakigusa tu, imelala."

Watu wakatazama miguu yao. Andongwisye, fundi seremala, akasema, "Hezroni, fuga kambale tu. Mimi nitakuchongea mtumbwi wa kwendea kupalilia." Wakacheka, hata Hezroni, maana kicheko kilikuwa cha bure.

Ezra hakucheka. "Tupige kura. Sita kwa mmoja, yaishe."

Hezroni alifungua kinywa. Neno moja tu, na mpunga wake ungepumua kabla ya jioni. Alishika jembe kwa nguvu, akaangalia huku na huku. Hakuna aliyemshika mkono. Angechimba, wangemtazama tu. Janeth akasogea, akalifudikiza beseni lake pale pale pa kutobolea, akalikalia. Mvua ilimchuruzika usoni.

"Unaona, Ezra?" Hezroni alisema mwishowe. "Njia yako ni hii. Mikono sita inamzamisha mama mmoja, halafu mnaita ndugu."

"Na njia yako ni hii," Ezra alijibu. "Unazama peke yako, halafu unaita uhuru. Mchimba kisima ameingia mwenyewe."

Hezroni aliweka jembe begani. Ingekuwa kuna mwenyekiti angemtukana, angemtoroka, angemhonga. Lakini sheria ile ilitoka kinywani mwake, na mtu atoroke wapi akitaka kujikimbia?

Ezra huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja na ndoo. Wote walikuja, Janeth akiwa mbele. Walichota maji siku tatu na kuyamwaga mtoni. Usiku mvua ikayarudisha. Siku ya tisa shamba lilianza kunuka.

Juni, mashamba sita yalivunwa. Waliitana tena juu ya tuta, jua kali sasa, na Maria, mke wa Hezroni, alisimama chini akisikiliza.

"Kila kaya impe Hezroni magunia mawili," Ezra alisema. "Nani anakataa?"

"Mimi natoa matatu," Janeth alisema.

Wote sita wakakubali. Wakamgeukia mwenyewe.

Hezroni aliona magunia kumi na matatu yamepangwa ukutani kwake. Akaona na Ezra akiyapita kila siku, bila kusema neno. Mwakani Ezra angesema sasa tuchanganye mashamba, na yeye angepata wapi mdomo wa kubisha?

"Mimi nakataa," alisema. "Nikila chenu leo, kesho mtakula sauti yangu."

"Acha ubishi, ndugu yangu," Ezra alisema taratibu.

"Hata mmoja akikataa, tumekataa."

Maria aliongea kutoka chini. "Kikundi hakina mwenyekiti. Nyumba yangu inaye." Akajifunga kanga kiunoni, akaondoka.

Hasara ilikuwa hivi. Heka moja na nusu ilioza, magunia ishirini na mawili kwa mwaka wa kawaida. Magunia kumi na matatu yalirudi ghalani kwa wenyewe. Ng'ombe mmoja mwenye mimba aliuzwa Kyela mjini. Rafiki mmoja wa tangu utotoni siku hizi akienda shambani huzunguka kwa njia ya mtoni. Nyumba ya Janeth ipo, kuta nne. Hiyo haimo kwenye hasara. Maria alivuna mpunga wa watu huko Ipinda siku arobaini, kwa ujira wa debe moja kila siku mbili. Madebe ishirini. Ndiyo waliyokula mwaka ule.