Wimbo wa Kaka

Mpiga gitaa aliutunga wimbo ule kumlilia kaka yake mkubwa. Kiitikio kilikuwa jina la marehemu tu, bendi nzima ya roki ikilipigia mayowe mpaka spika zinakoroma. Waliapa: huu hauuzwi ng'o! Lakini njaa haijui kiapo. Maji yalipowafika shingoni, kampuni ya sabuni ikaununua, ikalitoa jina la kaka, ikatia la sabuni. Mwaka mzima bendi ikazunguka masokoni ikiupiga hivyo.

Siku moja binti wa marehemu, aliyezaliwa baba keshazikwa, akamng'ang'ania mpiga gitaa: “Baba mdogo, niimbie ule wa baba.”

Akashika gitaa, akafumba macho, akaimba kwa uchungu wote. Jina lililomtoka lilikuwa la sabuni.