Uwele wa Ukutani kwa Germana

Jumatano saa mbili asubuhi, Mwalimu Damiani alikuwa akiosha brashi zake kwa mafuta ya taa, mkewe Emiliana akarudi na ungo wa uwele.

"Umeupata wapi?" aliuliza. Kitongojini kwao, kilomita chache kutoka Buigiri, mvua ilikuwa imegoma msimu wa pili na maghala yalibaki na vumbi.

"Ukutani kwa Germana. Wenzangu waliniwahi, nimeambulia masuke ya chini."

Damiani hakushangaa. Alikasirika. Germana alikuwa mjane aliyechora uwele kwenye kuta za nyumba yake ya tembe kwa udongo mwekundu, majivu na chokaa, akitumia vidole. Miaka minne nyuma alikuja kwake kujifunza, akaacha baada ya wiki mbili akisema brashi inamchelewesha. Damiani alikuwa na vyeti viwili vya sanaa. Shamba lake la uwele, la rangi ya mafuta kwenye turubai, lilimchukua miezi mitatu. Mchana ule alijifungia ndani, akavuta suke moja la turubai hiyo. Alichopata ni rangi chini ya kucha.

Akaenda kwa Germana kujionea. Akina mama walikuwa wakivuna ukuta wa mashariki na kuuacha mtupu, na Germana akichora wa kusini, wa kesho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mabua yako yamepinda."

"Yameelemewa, mwalimu."

Akina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga ungo wake.

Germana mwenyewe hakuweza kuvuna. Suke alilojaribu kulichuma liligeuka udongo, kwa hiyo alikula kwa majirani kwa zamu. Hata hilo Damiani aliliona ni maringo.

Wiki iliyofuata alifika Obedi, afisa wa shirika lililogawa mahindi kila mwezi. Shirika hilohilo lilikuwa likiandaa maonyesho mjini Dodoma, ya wasanii wanaoonyesha jinsi watu wanavyostahimili shida. Kila kitongoji kilipewa nafasi moja. Damiani alikuwa amepiga pasi shati tangu jana yake. Obedi alitazama turubai yake dakika moja, na ukuta wa Germana saa nzima. Akavuna suke, akalipukusa, akatafuna punje.

"Mwalimu, wewe ndiye mtaalamu hapa. Hiki ni chakula kweli?"

Damiani alikuwa amekula ugali wa uwele huo siku saba mfululizo, na mara mbili aliongezewa.

"Ni udongo tu," alisema. "Watu wana njaa, wanajidanganya."

Obedi akacheka, punje zikimtoka mdomoni. "Wivu huo, mzee wangu."

Akaandika kwenye simu yake kwamba kitongoji hiki kinajitegemea kwa sanaa, kwa hiyo mahindi yake yapelekwe kwingine. Mwenyekiti wa kitongoji akauliza kaya mia na ishirini zitaishi vipi kwa kuta nne.

"Kuta mnazo nyingi," Obedi alimjibu. "Achore na hizo."

Damiani hakuumia kwa kusema uongo. Aliumia kwamba mara moja tu katika maisha yake wivu wake ungeweza kuwaletea watu mahindi, na hakuna aliyeuamini.

Picha ya ukuta ikatundikwa mjini. Lori la mahindi likapita bila kusimama. Germana akahamia kwenye kuta za majirani, alfajiri hadi jua kuzama, na kufikia Novemba vidole vyake vilikuwa vimefupika kwa pingili moja. Kadi ya mwaliko wa maonyesho ilipofika, alisema hana nafasi, ukuta wa akina Luka bado. Kuhusu vidole hakuna aliyemuuliza, maana kila mtu alikuwa na watoto.

"Leo foleni ni zamu yako," Emiliana alimwambia mumewe. "Vyeti viache hapa, ungo ndio huo."

Damiani akasimama kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yake ilipofika, Germana hakugeuka.

"Kwako mko wangapi, mwalimu?"

"Saba."

Akamchorea masuke kumi na manne, upesi, kwa vipande vilivyobaki vya vidole. Damiani akayavuna kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na wazazi wake. Akashukuru kwa sauti ya kusikika. Kisha akashika njia na ungo wake, akimwonea wivu hata vidole vile vifupi, mpaka nyumbani.