Mashine Zenye Jina la Sospeter

Kila mashine mpya katika seva ile ilizaliwa ikiwa na jina la Sospeter. Alipokuwa hai hakuna aliyelalamika. Yeye ndiye aliyeipanga seva, na mpishi haulizwi kwa nini ameonja. Alipokufa, mashine ziliendelea kuzaliwa vilevile, na aliyekuwa akiziunda sasa ni Benedikta, mjane wake.

Ofisi yao ilikuwa Kibaha, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilizihudumia zahanati za shirika moja dogo la afya, baadhi za mjini, kama ya Pangani, na baadhi za mbali, hadi Maneromango, ambako mvua ikinyesha hata mganga huchelewa kufika kazini. Taarifa zote za wagonjwa zilikaa ndani ya seva hiyo moja. Mle ndani, kila zahanati ilikuwa na mashine pepe yake: kompyuta isiyo na umbo, inayoendeshwa na mfumo wa Linux, ambayo mtu hawezi kuigusa lakini anaweza kuingia na kufanya kazi.

Kuunda mashine moja hakukuwa na jasho. Mtu aliandika jina la zahanati, akabonyeza, na mengine yote yakajazwa na mipangilio ya msingi. Sospeter aliiandika mipangilio hiyo katika faili moja fupi: mashine iwe na ukubwa gani, itumie mtandao upi, ifuate saa za wapi, mtumiaji wake mkuu aitwe nani, na mlango wake ufungwe kwa kufuli gani. Mtumiaji mkuu aliitwa sospeter. Makufuli yalikuwa mawili. Moja lilifunguka kwa ufunguo uliohifadhiwa katika kompyuta ya Benedikta, na la pili kwa ufunguo uliokaa katika kompyuta ya Sospeter mwenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi Benedikta aliingia kazini kwa jina la mumewe, na mashine ikamwandikia: Karibu, Sospeter.

Alikuwa akiisoma salamu hiyo kama mtu anavyosoma bango la dawa ya meno.

Tangu msiba, mambo mengi yalimpita hivyo. Sospeter alianguka kwa presha akiwa anafunga geti la nyumba yao, mtaa wa Picha ya Ndege, na watu wa kwao Maneromango walipokuja kuuchukua mwili walimkuta Benedikta akianua nguo kambani. Makaburini hakulia. Mawifi walitazamana. Alikula alipoletewa chakula, alilala alipoonyeshwa kitanda, na kazini alirudi siku ambayo barua ya ruhusa ilisema arudi. Si kwamba alipiga moyo konde. Moyo wenyewe ulikuwa umekufa ganzi, na mtu hapigi konde kitu asichokisikia.

Jumatatu moja, mkuu wa ofisi, Evodius, aliingia chumba cha seva akiwa ameshika kishikwambi chake kifuani.

"Dada Benedikta, pole na kazi."

"Nimekwishapoa."

"Jana ulikuja ofisini?"

"Jana ilikuwa Jumapili. Nilikwenda kanisani, kisha nikafua."

"Basi nani ameingia langoni?"

Lango lilikuwa jina la mashine ya mbele, ile ambayo ni lazima ipitwe kabla ya kuifikia nyingine yoyote. Benedikta alikitazama kishikwambi. Mstari ulisema kwamba jana alasiri mtumiaji sospeter aliingia, akakaa kidogo, akatoka. Ufunguo uliotumika haukuwa wa Benedikta.

Evodius alishusha sauti. "Mimi sina imani na mizimu, unanijua. Lakini kwetu Bukoba, jambo kama hili tungemwita padri."

"Mwite mtu wa kubadilisha makufuli," Benedikta alisema.

"Mtu huyo si wewe?"

Ni yeye. Evodius alikwisha kumwambia mara mbili aondoe jina na kufuli la marehemu katika mipangilio ya msingi, na mara zote mbili alijibu kwamba ataondoa. Kila mara alilifungua faili. Alishuka mstari kwa mstari hadi penye jina. Kisha alilifunga na kwenda kuchemsha chai. Hakuweza kusema kwamba ni huzuni iliyomzuia, kwa sababu huzuni hakuiona. Mkono tu uligoma. Baadaye diski ya lango ilipoharibika, aliliunda upya kwa mipangilio ileile, na lango jipya nalo likazaliwa na kufuli la mtu aliyekwisha kuzikwa.

Na ufunguo wa kufuli hilo aliutoa yeye kwa mikono yake. Katika ukoo wa akina Sospeter, arobaini ikiisha, wazee hukaa na kumchagua mpwa wa kulibeba jina la marehemu. Anayechaguliwa huitwa kwa jina hilo, na mjane humkabidhi chombo cha kazi ya marehemu mbele ya watu wote. Marehemu akiwa mkulima, hutolewa jembe. Akiwa seremala, hutolewa msumeno. Sospeter hakuwa na jembe. Benedikta alisimama uani Maneromango akamkabidhi Sadick, mwana wa dada yake Sospeter, kompyuta ya mumewe. Wanawake walipiga vigelegele. Yeye alikuwa akifikiria kwamba jua limemlenga machoni. Lililokuwa ndani ya kompyuta hakulifikiria kabisa.

"Najua ni nani," alimwambia Evodius, akamweleza.

Evodius alikaa juu ya sanduku la betri. "Kesho tunaunda mashine za zahanati mpya, na mkaguzi wa shirika atakaa hapo pembeni yako. Zikizaliwa na kufuli hilo, sitakuwa na neno la kukutetea. Seva utanyang'anywa, apewe mtu wa Dar. Mimi sitaki hivyo. Lakini iwe leo, dada. Na huyo mpwa, ni lazima tujue ameona nini."

"Nitakwenda kwake kwanza."

"Si ungemalizia kazi hapa, halafu umpigie simu?"

"Jina lina mwenyewe sasa. Haliguswi bila yeye kuambiwa."

Mambo ya ukoo wa watu hayabishiwi na mgeni. Evodius alimpa gari la ofisi.

Sadick alikuwa na duka la kutoa kopi Kisarawe mjini, chumba kimoja chenye rimu za karatasi na kitambaa cha bluu cha kupigia picha za pasipoti. Walimu wawili wa kike walikuwa wakisubiri mitihani yao itoke. Sadick, mtu mnene wa miaka thelathini na sauti ya mnadani, alimwona Benedikta mlangoni akapanua mikono.

"Karibu, mke wangu! Walimu, mnamwona? Huyo ndiye mwenye nyumba."

"Mbona amekuzidi umri?" mwalimu mmoja aliuliza.

"Nimerithi, mwalimu. Kwani nilichagua?"

Wakacheka. Benedikta hakucheka wala hakukasirika. Utani huo ulikuwa haki ya Sadick tangu siku ile ya arobaini.

"Zamani ulikuwa unaniamkia," alisema.

"Zamani nilikuwa Sadick. Sasa mimi mumeo, wewe ndiye wa kuniamkia."

"Shikamoo, basi."

Aliitamka kavu, kama mtu anayetaja namba yake ya simu. Kicheko kikatoweka usoni mwa Sadick. "Aa, mkaza mjomba, natania tu. Shikamoo wewe."

"Marahaba. Jana uliifungua kompyuta."

"Nani kakwambia?"

"Seva."

Sadick alitazama dari, kana kwamba seva ingekuwa imekaa huko. Kisha alitoa kompyuta chini ya meza, akaipangusa kwa kiganja. Nywila yake aliijua tangu zamani, kwa kuwa mjomba wake alikuwa akimwachia nyaraka azitolee nakala. "Kuna kialama hapa kimeandikwa Kazini. Nikasema ngoja nimwone mjomba alikuwa anashinda wapi. Nikabonyeza. Haikuuliza kitu. Skrini ikawa nyeusi, ikaandika, Karibu, Sospeter."

"Ukafanya nini?"

"Nikaandika, nashukuru, habari za hapo. Ikanijibu kwamba hiyo amri haiijui. Nikatoka."

"Hukuona jina la mgonjwa yeyote?"

"Wallahi, sikuona. Ungekuwa umbea ungekwisha kunifikia mdomoni, unanijua." Walimu waliguna. Sadick aliinamisha kichwa, na sauti ya mnadani ikamwisha. "Lakini nikwambie ukweli, mkaza mjomba. Nilifurahi. Nyumbani jina lenyewe wananiita kwa kukumbushana. Mama analisahau. Bibi ndiyo kabisa, anasema mwanawe alikuwa mwembamba. Ile mashine ndiyo ya kwanza kuniita bila kuambiwa."

"Iliambiwa," Benedikta alisema. "Humwita hivyo kila anayeingia. Hata mimi."

"Na wewe unaitwa Sospeter?"

"Kila asubuhi."

Mashine ya kopi iliendelea kutema karatasi. Sadick alimtazama kwa mara ya kwanza bila utani.

"Nimekuja kukufungia nje," Benedikta alisema. "Naliondoa jina katika mashine mpya, na kufuli katika zote. Ningeweza kulifanya Kibaha. Nimeona nikwambie."

"Halafu mimi nibaki na nini? Ukoo ulikaa, mkaza mjomba. Wazee walikula mbuzi. Umenipa chombo, sasa unakitoa makali?"

"Unabaki na jina na kompyuta. Mle ndani mna wagonjwa wa watu. Nani alipimwa, nani alikutwa na nini. Mama yako alitibiwa Maneromango mwaka jana, si ndiyo?"

Sadick aliwatupia macho walimu, ambao sasa walikuwa wametega masikio. Alivuta kiti.

"Kaa," alisema. "Funga."

Benedikta alikaa. Kompyuta yake mwenyewe ilikuwa Kibaha, na hakuihitaji. Alibonyeza kialama cha Kazini, akaingia kwa ufunguo wa mumewe. Alianza na mashine za zahanati. Katika kila moja alimweka mtumiaji mpya aitwaye msimamizi, ambalo ni jina la kazi na si la mtu, akaweka kufuli lake mwenyewe na la Evodius, alilopewa kabla ya kuondoka ofisini. Kisha alifuta la Sospeter. Aliziingia moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima taa za vyumba. Pangani, akafuta. Maneromango, akafuta. Alingoja mkono ugome. Haukugoma.

Ndipo alipolifungua faili la mipangilio ya msingi. Alishuka hadi penye jina. Sadick alikuwa amesimama nyuma yake, akipumua kwa nguvu kama watu wanene wanavyopumua.

"Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Herufi ndogo?"

"Kompyuta hazijali ukubwa wa mtu."

Aliufuta mstari, akaandika msimamizi. Aliifuta salamu, asiandike nyingine. Akahifadhi. Mwisho alifuta kufuli la Sospeter katika lango lenyewe, ile mashine aliyokuwa amesimama ndani yake, akatoka.

"Jaribu," alimwambia Sadick.

Sadick alibonyeza. Skrini ikawa nyeusi, ikatoa mstari mmoja wa Kiingereza, ikajifunga. Alibonyeza tena.

"Imenikataa," alisema.

"Imetukataa wote wawili."

Sadick alikuna shingo. Kisha aliwageukia walimu, akawakunjulia uso kwa shida. "Haya, kopi zenu hizo. Na mkitoka msiseme mmeniona nikifungiwa na mke."

Siku ya pili yake mkaguzi alifika mapema. Alikuwa mama wa makamo aitwaye Efrazia, mwenye miwani ya kamba na swali kwa kila kitu. Alivuta kiti karibu na Benedikta na kutaka kuona mashine ya kwanza ikiundwa tangu mwanzo. Benedikta aliandika jina la zahanati, akabonyeza. Mistari ikapanda. Mtumiaji mkuu: msimamizi. Efrazia alitikisa kichwa kukubali. Evodius, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anasoma simu, alishusha pumzi na kwenda zake.

Mashine iliwaka. Ya pili ikawaka. Katika ya tatu Efrazia aliinama kwenye skrini.

"Hivi vipimo, RAM kiasi hiki na diski kiasi hiki, nani alikadiria?"

"Vina kasoro?"

"Havina, ndiyo maana nauliza. Kote ninakokagua watu wanapanga makubwa kwa uroho, halafu seva inalemewa. Hapa mtu alikaa akafikiri zahanati inapata wagonjwa wangapi, akaacha na nafasi ya kukua. Ni wewe?"

"Ni mume wangu," Benedikta alisema.

Alisikia neno likitoka. Tangu msiba alikuwa hajalisema kwa mtu yeyote. Wengine ndio waliomsemea: marehemu, mwenzio, baba wa watu.

"Anafanya kazi hapa hapa?"

"Amefariki."

"Maskini. Pole sana, mama."

"Ahsante."

Efrazia alirudi kazini kwa upole. "Mmebadilisha mtumiaji, nimeona. Vipimo navyo mtavipitia upya?"

Benedikta aliitazama ile mistari. Haikuwa na jina la mtu. Ilikuwa tarakimu tu, na nyuma yake kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti hiki hiki jioni moja, akimuuliza mkewe zahanati ya Pangani hupokea watoto wangapi siku ya kliniki, na mkewe akamjibu bila kugeuka.

"Hapana," alisema. "Hivyo nitaviacha."

Aliandika jina la zahanati iliyofuata. Kidole kilipofika penye kitufe kilikuwa kikitetemeka. Alikitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyebisha hodi bila taarifa. Efrazia alivua miwani, akaanza kuifuta polepole, bila haraka yoyote.

Benedikta alingoja kidole kitulie. Hakikutulia. Akabonyeza hivyo hivyo.