Njema, Lakini

Kafedha, mhudumu wa afya wa kujitolea, alipewa mafunzo ya siku mbili na fulana ya bluu, akarudi mtaani kwake Shika Adabu akiwa bingwa wa huzuni za watu. Aliambiwa mwenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni, hujulikana: halali usingizi, hali chakula, analia. Basi akapita nyumba hadi nyumba na fomu zake akitafuta machozi, na machozi hakuyaona.

Dukani, Yeslam alimfokea mteja kwa sababu ya kiberiti, kisha akasema habari ni njema. Kafedha akaandika: njema, ana kisirani tu. Winfred, aliyejifungua juzijuzi, alikutwa amelala saa tano mchana, nepi zimerundikana. Naye alisema njema. Akaandikwa mvivu. Bi Nadhira, mjane, alilalamikia mgongo, miguu, kichwa, na mgongo tena. Akashauriwa mafuta ya kuchua.

Nyumba sitini, wagonjwa hakuna! Msimamizi alimsifu mbele ya wenzake.

Hata kwake kulikuwa shwari. Mumewe Tsuma, fundi mwashi, hakuwa amepata kazi tangu Pasaka, lakini hakununa kama wanaume wengine. Alicheka kutwa na kugawa vitu: jogoo kwa shemeji, redio kwa mchungaji. Kafedha aliusimulia ukarimu huo mpaka watu wakachoka.

Jumatatu alirudi kwa Bi Nadhira kuchukua sahihi iliyosahaulika.

"Shikamoo, Bi. Habari za tangu juzi?"

"Marahaba, mwanangu. Njema."

Kafedha akaanza kuandika.

"Ngoja basi! Mtu akiulizwa hali si huanza na njema, ndiyo adabu, kisha ndo aseme lakini? Wewe ukisikia njema tu wafunga daftari, huyoo! Wallahi, tangu mume wangu afe sitaki hata kuliona jua. Hilo nilisemee nani, mafuta ya kuchua?"

Kafedha aliona haya. Alikaa akamsikiliza mpaka adhuhuri. Njiani akamkumbuka yule jogoo, akaikumbuka redio, akaanza kukimbia.

Alimkuta Tsuma uani akimkabidhi jirani yao Nyale mwiko na timazi, vifaa vyake vya uashi.

"Chukua tu, bwana. Mimi sivihitaji tena," alisema akicheka.

Kafedha alimpokonya Nyale mwiko, akamwomba aende kwao. Akaketi kando ya mumewe.

"Habari za hapa, baba Mweri?"

"Njema!"

Safari hii hakuondoka. Alingoja. Kicheko cha Tsuma kilipungua, kikaisha. Akaitazama mikono yake kwa muda mrefu.

"Lakini," akasema.