Cha Kujitazamia

1.
TANGAZO. Uongozi wa Kitongoji cha Mvumbo unawakumbusha wananchi kuwa ni marufuku kuchimba kisima bila kibali. Atakayepatwa na

2.
Tangazo limechanika hapo, ndugu msomaji. Mimi ni Nyemo. Mume wangu, Chilewa, yuko mita ishirini chini. Maji aliyoyatafuta wiki tatu ameyapata, yamemfika kiunoni. Naogopa.

3.
Vilivyoko chini:
Mguu, umebanwa na mawe yaliyoporomoka.
Kurunzi, imelowa.
Simu tuliyoteremsha, nayo imelowa.
Kamba kiunoni mwake. Akiivuta mara mbili, tumpandishe.
Giza. Aking'oa jiwe silo, yote yatamshukia.

4.
Ubaoni, Darasa la Sita ninalofundisha, maneno hayajafutwa:
*Mwanga husafiri kwa mstari mnyoofu. Haupindi kona.*
Ni saa kumi na nusu. Jua liko kando. Kisima kinatazama juu.

5.
— Shemeji Lechipya, kimbia shuleni! Kalete kioo!
Amerudi anahema, amekikumbatia. Cha dirisha.
— Hiki nini, shemeji?
— Si kioo?
— Cha kujitazamia! Hiki mwanga unakipita tu!
— Ulisema kioo.
Nilisema kioo. Neno moja kwa vitu viwili, na dakika kumi zimekwenda. Nimetamani kumzaba kibao, kisha nikaona miguu yake inavuja damu.

6.
(kutoka chini)
Nyemo.

Kifuani.

Nyem

7.
Nimeung'oa mlango wa kabati letu la harusi, wenye kioo. Kioo kile hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa. Nisamehe, mume wangu, Baba Sechelela.

8.
Mimi ni mwanga. Nimetoka juani dakika nane zilizopita, nimegonga kabati la watu. Pembe niliyojia ndiyo niliyoondokea. Mwanamke akikiinamisha kioo kidogo, mimi nakengeuka maradufu.
Ukuta.
Ukuta.
Maji.
Uso.

9.
— Nayaona mawe!
— Lipi, Baba Sechelela?
— La kushoto. Hili la kulia ndilo lililobeba mengine, na ndilo nililotaka kuling'oa. Shika hapohapo, mama. Usitikisike.
Sitikisiki. Lechipya ananishika mabega, analia kuliko mimi.

10.
Jua limeingia nyuma ya kilima.

Kioo kina kilima tu, na nywele zangu.

11.
Jiwe limeanguka majini.
Kamba haijatikisika.
Halafu jingine.
— Shemeji, tuvute?
— Ngoja!

12.
Kamba imevutwa mara moja.





Tena mara moja. Zimetimia mbili.